Mwongozo kamili wa kuomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal: kuanzia tangazo hadi kuripoti kituoni

Kila orodha ya walioitwa kwenye usaili inapotoka, swali ninaloletewa ni lile lile: "Sifa zote ninazo, mbona jina langu halipo?" Nikiomba kuona alichotuma mhusika, mara nyingi jibu limo humo humo kwenye viambatisho vyake. Barua haina saini. Cheti cha kuzaliwa hakina muhuri wa wakili. Mahali pa cheti cha kidato cha nne pamewekwa hati ya matokeo. Mtu kasoma miaka mitatu au minne, halafu anaachwa kwa karatasi ambayo ingerekebishwa kwa siku moja. Inauma, na inauma zaidi yanapomkuta mtu yule yule tangazo baada ya tangazo.

Mwongozo huu ni wa kazi za wizara, taasisi na halmashauri za Tanzania Bara zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Polisi, Magereza, Uhamiaji na majeshi mengine wana utaratibu wao. Kazi za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nazo zina njia yake.

Ushike jambo moja kabla hatujaanza: katika kila hatua yupo mtu anayetafuta kitu kimoja tu. Anayechambua maombi hakuoni wala hakusikii, anaangalia karatasi. Anayesahihisha mtihani wa mchujo hajali ulipata daraja gani chuoni. Jopo la mahojiano linataka kusikia kama kazi unaijua. Wengi hushindwa kwa sababu wanampa mchambuzi maelezo marefu, halafu jopo wanalipatia historia ya vyeti.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

Usisubiri tangazo litoke ndipo uanze kutafuta. Matangazo mengi hukaa wazi kama wiki mbili, na cheti cha kuzaliwa kinaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo.

- Namba ya utambulisho wa Taifa kutoka NIDA, yenye tarakimu 20. Kama kadi haijatoka, namba inatosha kufungulia akaunti.
- Cheti cha kuzaliwa cha RITA.
- Cheti cha kidato cha nne, na cha sita kwa aliyefika huko. Hapa nina maana ya cheti chenyewe kutoka Baraza la Mitihani (NECTA).
- Cheti cha chuo (astashahada, stashahada au shahada) pamoja na transkripti yake (orodha ya masomo na alama zake).
- Cheti cha usajili au leseni, kama taaluma yako ina bodi: NBAA kwa wahasibu, PSPTB kwa watu wa manunuzi, ERB kwa wahandisi, TNMC kwa wauguzi na wakunga.
- Cheti cha kompyuta, endapo tangazo linadai.
- Wasifu wako (CV) wenye anwani, simu inayopatikana na wadhamini watatu.
- Barua ya maombi iliyosainiwa. Hii huandikwa upya kwa kila tangazo.
- Barua pepe na namba ya simu ambazo ni zako mwenyewe, na nywila unaikumbuka. Barua pepe ya kufunguliwa na kijana wa steshenari ndiyo inayowafungia watu nje ya akaunti zao siku ya usaili.
- Akiba ya nauli, chakula na malazi. Msailiwa hujigharamia kila kitu.

Uliyesoma nje ya nchi una kazi ya ziada: vyeti vyako vihakikiwe na mamlaka husika, yaani NECTA kwa sekondari, NACTVET kwa vyuo vya kati na TCU kwa vyuo vikuu. Anza na hilo kabla ya yote.

## Hatua ya 1: Hakikisha jina lako ni moja kila mahali

Nimeiweka mwanzo kwa sababu ndiyo inayochukua muda mrefu kurekebisha, na watu huigundua wakiwa tayari wamesimama mlangoni pa ukumbi wa usaili.

Panga vyeti vyote mezani, kisha soma jina herufi kwa herufi: cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne, chuo, NIDA. Tofauti za kawaida ni hizi: cheti cha shule kina majina mawili na cha kuzaliwa kina matatu; "Hamis" hapa, "Hamisi" pale; jina la kati limeandikwa kwa herufi moja; dada aliyeolewa amejiandikisha NIDA kwa jina la mume ilhali vyeti vya shule vina jina la baba.

Matangazo ya kuitwa kwenye usaili husema wazi kwamba mwenye majina yanayotofautiana aje na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, ile ambayo mawakili huiita deed poll. Mwone wakili mapema, akuandalie na kukuongoza kwenye usajili. Kama kosa liko NIDA, peleka maombi ya marekebisho NIDA. Kama liko chuoni, rudi chuoni. Usijaribu kurekebisha herufi mwenyewe kwenye nakala. Hiyo ni kughushi, na tangazo la kazi linaonya kwamba anayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria.

Umefanikiwa ukiona: mtu asiyekujua anaweza kupanga vyeti vyako vyote na kusema bila shaka kwamba ni vya mtu mmoja, au unayo hati iliyosajiliwa inayoeleza tofauti iliyopo.

## Hatua ya 2: Thibitisha nakala kwanza, skani baadaye

Mpangilio huu una maana. Toa nakala ya kila cheti, peleka nakala pamoja na vyeti halisi kwa wakili, agonge muhuri na kusaini kila ukurasa. Baada ya hapo ndipo uskani nakala hizo zenye muhuri. Ukiskani cheti halisi ukakiweka hivyo hivyo bila uthibitisho, umetuma kitu ambacho tangazo halikukiomba.

Skani kwa mashine, usipige picha kwa simu ukiwa umeegemea dirisha. Mchambuzi ana mamia ya maombi mbele yake, na muhuri usiosomeka ni sawa na muhuri usiokuwepo. Hifadhi kila cheti kama PDF yake peke yake, na uipe jina linaloeleweka: "cheti_kidato_cha_nne" ni bora kuliko "scan0034". Kikomo cha ukubwa wa faili kimeandikwa kwenye ukurasa wa kupakia. Kisome kabla hujaondoka steshenari, ili kama faili ni kubwa lipunguzwe hapo hapo.

Onyo: hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita, matokeo ya muda na barua ya chuo ya kueleza matokeo havikubaliwi. Kipengele hiki kimo karibu katika kila tangazo, na bado ndicho kinachoongoza kuwaangusha waliomaliza chuo mwaka huo huo. Kama cheti hakijatoka, fuatilia cheti. Kama kimepotea, anzia polisi upate taarifa ya upotevu, kisha fuata utaratibu wa NECTA.

## Hatua ya 3: Fungua akaunti na ujaze kila kipengele

Andika anwani mwenyewe: portal.ajira.go.tz. Usifuate kiungo cha kwenye kundi la WhatsApp. Kujisajili ni bure.

Mfumo utakutaka namba ya NIDA na utakuuliza maswali ya kuthibitisha kwamba ni wewe. Yajibu kama ulivyojaza kwenye fomu ya NIDA, hata kama leo ungeyajibu tofauti.

Ukishaingia kuna sehemu za taarifa binafsi, mawasiliano, elimu, taaluma, lugha, uzoefu wa kazi, mafunzo, kompyuta, wadhamini, viambatisho vingine na tamko la mwisho. Tatu kati ya hizo zina mitego:

*Elimu.* Chagua jina la kozi kama lilivyo kwenye cheti, si linalofanana nalo. Aliyesoma Utunzaji wa Kumbukumbu akichagua kozi ya jumla ya Utawala, ameshajitoa kwenye nafasi yake mwenyewe kabla mtu hajafungua faili. Ingiza ngazi zote kuanzia kidato cha nne. Shahada peke yake haijitoshelezi.

*Makazi ya sasa.* Kwa kada (aina za kazi) zenye waombaji wengi, usaili hufanyika mikoani, na mkoa unaopangiwa hutegemea ulichojaza hapa. Umehama Mwanza sasa uko Mtwara? Badilisha. Ukiacha ilivyo, utajikuta unalipa nauli ya kuvuka nchi.

*Wadhamini.* Weka watu watatu wanaoijua kazi yako: mkuu wa idara chuoni, msimamizi wa mafunzo kwa vitendo, mwajiri wa zamani. Mjomba hafai, hata kama ana cheo. Wapigie uwaombe ruhusa, na uhakikishe namba zao bado zinapatikana.

Mwenye ulemavu aueleze kwenye mfumo. Matangazo yanawahimiza waombaji wenye ulemavu kuomba, na taarifa hiyo ndiyo inayoiwezesha Sekretarieti kujiandaa kwa ajili yako.

Umefanikiwa ukiona: hakuna sehemu ya lazima iliyobaki tupu, kila kiambatisho kinafunguka ukikibofya, na tamko la mwisho umelikubali. Toka kwenye akaunti, ingia tena, ukague.

## Hatua ya 4: Soma tangazo kwa macho ya mchambuzi

Watu husoma jina la kazi na mshahara, wakaomba. Mchambuzi yeye anasoma sehemu ya sifa za mwombaji pamoja na masharti ya jumla, na hapo ndipo anapokukubali au kukuacha.

Chukua karatasi, igawe mara mbili. Kushoto andika kila sifa iliyotajwa, moja kwa kila mstari. Kulia andika ni kiambatisho gani kinachothibitisha. Mfano wa dereva daraja la pili: cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja C au E, mafunzo ya msingi ya uendeshaji kutoka VETA au chuo kinachotambuliwa, uzoefu bila kusababisha ajali. Mstari wa uzoefu ukikosa cha kuandika upande wa kulia, nenda kwa mwajiri wako ukaombe barua kabla ya kutuma.

Angalia pia umri. Masharti ya kawaida yanataka raia wa Tanzania asiyezidi miaka 45, isipokuwa aliye kazini serikalini. Na kama tayari ni mtumishi wa umma, barua yako ipitie kwa mwajiri wako. Ukiruka ngazi hiyo, hata ukifaulu utakwama mbele.

Kuna wanaoomba nafasi kumi kwa siku moja kwa kuamini kwamba wingi unaongeza bahati. Mimi siwashauri. Nafasi usiyokuwa na sifa zake haikupi lolote, na mbili unazostahili zinaweza kupangiwa usaili siku moja.

## Hatua ya 5: Andika barua inayojibu tangazo

Barua ya kazi serikalini ina umbo lake na haihitaji mbwembwe. Anwani yako juu kulia, tarehe, kisha anwani ya unayemwandikia kushoto. Maombi mengi huelekezwa hivi:

Katibu,
Ofisi ya Rais,
Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma,
S.L.P. 2320,
DODOMA.

Lakini soma mwisho wa tangazo. Tangazo la halmashauri mara nyingi hutaka barua ielekezwe kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri hiyo, ingawa maombi yanatumwa kwenye mfumo ule ule. Barua yenye anwani ya halmashauri ya jirani inamwambia mchambuzi kwamba umenakili ya zamani.

Mwili wa barua utoshe ukurasa mmoja. Mfano kwa anayeomba kazi ya masijala (ofisi ya kutunza majalada):

"YAH: MAOMBI YA KAZI YA MSAIDIZI WA KUMBUKUMBU DARAJA LA II

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ninaomba nafasi hiyo kwa kurejea tangazo lenye Kumb. Na. … la tarehe …

Nina Stashahada ya Utunzaji wa Kumbukumbu niliyoihitimu mwaka … Nilipokuwa katika mafunzo kwa vitendo kwenye masijala ya halmashauri, nilipokea na kusajili barua, nilifungua majalada mapya na kufuatilia mwenendo wa majalada yaliyotolewa kwa maofisa. Ninaweza kutumia kompyuta kuandaa nyaraka na majedwali.

Nimeambatisha nakala za vyeti zilizothibitishwa pamoja na wasifu wangu. Niko tayari kufika kwenye usaili nitakapoitwa."

Angalia aya ya katikati. Haisemi "mimi ni mchapakazi na mwaminifu", kwa kuwa hilo kila mtu analiandika. Inataja kazi zilizofanyika kwa mikono, zile zile zilizo kwenye orodha ya majukumu ndani ya tangazo. Badala ya masijala weka maabara, shamba, darasa au karakana yako.

Chapisha barua, saini kwa kalamu, skani, kisha pakia. Jina lililochapwa chini ya barua halihesabiki kuwa saini.

## Hatua ya 6: Tuma mapema na uhakikishe imefika

Usingoje siku ya mwisho. Siku hiyo kila mtu yumo kwenye mfumo na kurasa zinasuasua. Tuma walau siku nne kabla, ili kosa ukiliona uwe na nafasi ya kulirekebisha.

Baada ya kutuma, fungua sehemu ya maombi yako. Nafasi uliyoomba lazima ionekane pale. Ipige picha ya skrini pamoja na tarehe, na uhifadhi tangazo lenyewe kama PDF, maana likishapita muda wake huondolewa, nawe utalihitaji sana wakati wa kujiandaa na mahojiano.

Maombi ya kupeleka kwa mkono, kwa posta au kwa barua pepe hayafikiriwi, labda tangazo liseme hivyo.

## Hatua ya 7: Orodha ya walioitwa

Majina hutangazwa kwenye www.ajira.go.tz, na hali ya ombi lako huonekana kwenye akaunti. Yanayozunguka mitandaoni yathibitishe huko kwanza.

Ukiitwa, fanya haya siku hiyo hiyo: ingia kwenye akaunti unakili namba yako ya mtihani, kwa sababu matangazo husema namba hazitolewi siku ya usaili, andika tarehe ya mchujo na tarehe ya mahojiano, ambazo mara nyingi zote zimo kwenye jedwali moja, andika mahali pa usaili na saa. Kati ya mchujo na mahojiano siku huwa chache, hivyo anayetoka mbali apange malazi ya siku zote. Kurudi nyumbani katikati kunakula fedha na kunakuchosha.

Usipoitwa, usiishie kulalamika. Fungua akaunti usome sababu iliyoandikwa kwenye ombi lako. Irekebishe kabla ya tangazo lijalo, hata kama inaonekana ndogo, maana isiporekebishwa itakuangusha tena vile vile.

Onyo kuhusu fedha: hakuna ada ya kuomba, ya kuitwa wala ya kupangiwa kituo. Anayekupigia simu akisema jina lako "liko mezani, linahitaji kusukumwa" anakuibia. Andika namba yake na upige TAKUKURU, namba 113, bila malipo.

## Hatua ya 8: Usaili wa mchujo

Mchujo ni mtihani wa maandishi wa kupunguza waombaji. Kwa kada nyingi sasa unafanyika kwenye kompyuta. Kada kama za madereva na waandishi waendesha ofisi huwa pia na usaili wa vitendo.

Maswali hutoka katika mambo matatu: taaluma yako ya msingi, majukumu yaliyotajwa kwenye tangazo, na utumishi wa umma kwa jumla. La kwanza rudia madaftari ya mwaka wa kwanza na wa pili, hasa maana za istilahi, tofauti kati ya dhana na hatua za kazi. La pili geuza kila jukumu liwe swali. Tangazo likisema "kupanga kumbukumbu katika makundi", jiulize: makundi gani, kwa kigezo gani, kwa nini?

La tatu ndilo linaloachwa. Soma Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298, na Kanuni za Utumishi wa Umma za mwaka 2022. Jua maadili manane ya mtumishi wa umma: kutoa huduma bora, utii kwa Serikali, bidii ya kazi, kutoa huduma bila upendeleo, uadilifu, kuwajibika kwa umma, kuheshimu sheria na matumizi sahihi ya taarifa za Serikali. Soma pia Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025.

Kuwa mwangalifu na "pasti pepa" zinazouzwa. Nyingi bado zinafundisha kwamba utendaji wa mtumishi hupimwa kwa mfumo wa zamani wa OPRAS, wakati Serikali ilishahamia kwenye mfumo mpya wa PEPMIS tangu mwaka wa fedha 2023/24. Ukijibu kwa OPRAS leo unaonyesha kwamba ulikariri karatasi ya mtu mwingine.

Kama hujazoea kompyuta, kaa siku kadhaa kwenye mashine yenye kipanya ufanye mazoezi ya kusoma swali kwenye skrini na kuchagua jibu. Ni aibu kuangushwa na kipanya ilhali jibu unalijua.

Siku yenyewe fika saa moja kabla ukiwa na kitambulisho kilichotajwa kwenye tangazo. Kitambulisho cha Taifa, cha mpiga kura, hati ya kusafiria na leseni ya udereva ndivyo vinavyotajwa mara nyingi. Beba vyeti vyote halisi hata kwa mchujo. Asiye navyo hurudishwa.

## Hatua ya 9: Mahojiano

Hapa ndipo kazi inapopatikana au kukosekana. Jopo huwa na maswali yaliyoandaliwa na kila mjumbe anaandika alama. Usitegemee kutikisiwa kichwa. Mjumbe aliyeinamia karatasi anakuandikia alama, hajakuchukia.

Sikiliza swali lote. Likiwa na sehemu mbili, jibu mbili. Ukiwa hujalisikia vizuri, omba lirudiwe, ni haki yako. Ukiulizwa kwa Kiswahili jibu kwa Kiswahili fasaha, usikimbilie lugha nyingine kujionyesha.

"Tueleze kwa ufupi kuhusu wewe." Hawaulizi ulizaliwa wapi na mko wangapi kwenu. Dakika mbili zinatosha: elimu inayohusiana na kazi, ulichowahi kukifanya kwa vitendo, na kwa nini kazi hii. Ifanyie mazoezi kwa sauti, mbele ya mtu, mpaka usiwe unaikariri.

"Unaifahamu vipi taasisi hii?" Ujue sheria iliyoianzisha, wizara inayoisimamia, majukumu yake makuu na makao makuu yake. Yote yapo kwenye tovuti ya taasisi. Ongeza jambo moja wanalolifanya sasa na ulihusishe na nafasi yako.

Maswali ya tukio. Haya hubeba alama na ndiyo yanayowatenganisha watu. Mfano wa masijala: "Mkurugenzi anahitaji jalada sasa hivi na halionekani kwenye reki. Utafanya nini?"

Jibu dhaifu ni hili: "Nitalitafuta mpaka lipatikane." Halina kazi ndani yake.

Jibu lenye alama linakwenda kwa hatua: nitaangalia rejesta ya mwenendo wa majalada nione nani alilichukua mara ya mwisho, nitamfuata ofisa huyo, nisipolipata nitakagua reki za namba za jirani, kwa kuwa huenda limerudishwa pasipo pake, wakati huo nitamjulisha msimamizi wangu na kumpa Mkurugenzi taarifa ya kweli ya hali ilivyo, likikosekana kabisa, kwa idhini litafunguliwa jalada la muda na nakala za nyaraka zitakusanywa kutoka zinakopatikana. Halafu unamalizia na kinga: ukaguzi wa mara kwa mara wa majalada yaliyo nje.

Umeona tofauti? Jopo limemwona mtu akifanya kazi. Andaa matukio ya namna hiyo kutoka kila jukumu kwenye tangazo: mgonjwa anayegoma dawa, mzabuni anayeleta zawadi, mwanafunzi asiyefika shuleni, gari linalogoma njiani likiwa na kiongozi ndani.

Swali usilolijua. Sema kile unachokijua kinachokaribiana nalo, kisha kiri kwamba sehemu iliyobaki huna uhakika nayo. Kubuni ni hatari, kwa sababu katika jopo yupo mtaalamu wa fani yako na swali lake la pili litakuanika.

Kuhusu mavazi, nguo safi za heshima zinatosha. Huhitaji suti ya kukopa. Salimia, kaa ukikaribishwa, zima simu kabisa.

Umefanikiwa ukiona: kila jibu lako lilikuwa na hatua au mfano, na hukubaki kwenye maneno ya jumla. Matokeo huwezi kuyasoma kwenye nyuso, kwa hiyo usihangaike nazo.

## Hatua ya 10: Kusubiri, na maana ya kanzidata

Kufaulu usaili na kupata nafasi ni mambo mawili. Nafasi zikiwa tano na mmefaulu ishirini, watano wa juu wanapangiwa na waliobaki huwekwa kwenye kanzidata (hifadhi ya majina) ya Sekretarieti. Nafasi ya kada hiyo hiyo ikitokea kwingine, wanaweza kuchukuliwa humo. Ndiyo maana matangazo ya kuitwa kazini hutaja kwamba baadhi ya walioitwa wametoka kwenye kanzidata.

Kwa hiyo usibadilishe namba ya simu, ingia kwenye akaunti kila wiki, soma kila tangazo la kuitwa kazini hata la taasisi ambayo hukuomba. Na uendelee kuomba nafasi nyingine wakati huo huo. Kanzidata haina ahadi.

## Hatua ya 11: Barua ya kupangiwa kituo na kuripoti

Jina likitoka, soma tangazo lote. Siku hizi barua ya kupangiwa kituo hupatikana ndani ya akaunti, kwenye sehemu ya maombi yako. Ipakue, ichapishe nakala kadhaa. Ndani yake kuna muda wa kuripoti kwa mwajiri, na asiyefika ndani ya muda huo nafasi yake inaweza kupewa mwingine. Kama una dharura ya kweli, mwandikie mwajiri kabla ya muda kwisha.

Barua hiyo bado siyo barua ya ajira. Mwajiri atahakiki kwanza vyeti vyako halisi kuanzia kidato cha nne, ndipo akupe barua ya ajira. Safiri navyo mkononi, usiviweke kwenye begi la buti la basi.

Utajaza fomu za taarifa binafsi, utapimwa afya, utaandikishwa PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), ambako mwanachama huchangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri asilimia 15, pamoja na bima ya afya. Uliyesoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo (HESLB) watakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo usipange nyumba ukiangalia mshahara wa kwenye tangazo.

Mshahara wa kwanza hutegemea lini taarifa zako zimeingia kwenye mfumo wa malipo, na huweza kuchelewa. Nenda na fedha ya kukutosha miezi miwili, na ulizie ofisi ya utumishi kuhusu fedha ya kujikimu ya mwajiriwa mpya. Uliza pia jina la ofisa anayeshughulikia waajiriwa wapya, maana huyo ndiye utakayemfuata tena miezi 12 ya majaribio itakapokaribia kwisha, ili barua yako ya kuthibitishwa kazini itoke kwa wakati.